Nimemaliza kozi ya metta ya wiki 8, haya ndo niliyoyaona

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda asisumbuke: kozi ni nzuri, naipa nyota 4 kati ya 5, na ile nyota 1 nimeinyima kwa sababu ya jinsi wanavyoanza, na hiyo ndo itakula sehemu kubwa ya maoni haya kwa sababu najua kuna watu wanaacha wiki ya kwanza wakidhani wao ndo wenye kasoro kumbe kasoro ni ya mpangilio. Jina la kozi silitaji. Nina lawama kadhaa humu na mwalimu mwenyewe ni mtu mwema sana, sitaki lawama zimfuate. Na isitoshe kozi za namna hii zimejengwa karibu sawa zote, ukikutana nayo utaitambua tu.

Kwa asiyejua, metta ni neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha, na maana yake iko karibu na wema au urafiki, ule wa kumtakia mtu heri bila kumdai chochote. Siyo ile meditesheni ya kufuata pumzi peke yake. Unakaa, unatulia, unamleta mtu akilini, halafu unamtakia heri kwa sentensi fupi fupi na unazirudia polepole: uwe salama, uwe na afya, uwe na amani, uishi kwa wepesi. Kazi yenyewe ni hiyo. Unapanda ngazi, kwanza wewe mwenyewe, halafu mtu unayempenda, halafu mtu usiyempenda wala kumchukia, halafu anayekukwaza, mwisho viumbe wote. Mimi siyo Mbuddha na hakuna aliyeniuliza dini yangu toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Unachopata ni video moja kila wiki, rekodi mbili za sauti za kufuata nyumbani (ya dakika 10 na ya dakika 20), na kikao cha Zoom cha kundi ambacho kwa kweli ndo moyo wa kozi. Video sikuziangalia mara mbili. Rekodi nimezirudia mpaka leo. Lawama yangu kwenye rekodi ni muziki, kuna kinanda kinapiga chini chini muda wote na mwalimu anaongea karibu bila kupumzika, anasema uwe salama, sekunde tatu, uwe na afya, sekunde tatu, yaani kabla sentensi haijatua nyingine imeshafika. Ukimya kati ya sentensi na sentensi siyo muda wa kupoteza, pale ndo unasikia kama yale maneno yamegusa kitu au yamepita. Kuanzia wiki ya 4 walitoa rekodi isiyo na muziki yenye ukimya mrefu na tofauti niliiona siku ileile. Ukipewa kuchagua chukua hiyo.

Sasa nije kwenye nyota niliyoinyima.

Wiki ya kwanza unaambiwa anza na wewe. Funga macho, weka mkono kifuani, sema niwe salama, niwe na amani. Nikafunga macho. Nikasema niwe na amani. Na badala ya amani ikaja orodha, simu ambazo sikupokea, mtu niliyemjibu vibaya miaka kumi iliyopita, kazi niliyoiharibu, kila kitu kimejipanga kama kilikuwa kinasubiri mlangoni. Koo likakaza. Siku ya pili vilevile, siku ya tatu nikawa nasema maneno kwa haraka ili yaishe, siku ya nne sikukaa kabisa na nikajiambia kwamba mimi hata kujitakia mema siwezi. Kumbe kwenye kikao cha Zoom watu sita kati ya kumi na moja tulikuwa na habari ileile, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Hili jambo linajulikana na lina maelezo. Kristin Neff, profesa wa Texas aliyeanza kuchapisha utafiti wake juu ya wema kwa nafsi mwaka 2003, na Christopher Germer, mwanasaikolojia aliyetengeneza naye programu ya wiki 8 mwaka 2010, wanalieleza kwa mfano wa moto: chumba kimefungwa, moto umekosa hewa, mtu akifungua mlango kwa ghafla hewa inaingia na miali inalipuka usoni kwake. Ndo hivyohivyo kwa moyo uliofungwa muda mrefu. Ukiupelekea wema, maumivu ya zamani yanatoka mbio. Haimaanishi unakosea, inamaanisha mlango umefunguka, ila ufungue kidogo kidogo. Maelezo mazuri kabisa, yalinitoa machozi. Tatizo kozi inayatoa wiki ya 3! Wiki ya 3 wenzetu wawili walishaondoka. Haya maneno yalitakiwa yawe ya kwanza kabisa, kabla mtu hajafunga macho.

Na hata asili yenyewe nadhani inasomwa vibaya. Utaratibu wa kuanza na nafsi tunao kutoka kwa Buddhaghosa, mtawa aliyeandika huko Sri Lanka karne ya 5, na mwalimu alimtaja kama uthibitisho kwamba lazima uanze na wewe. Ila ukifuatilia alichoeleza, yeye anakuweka wewe kwanza kama shahidi tu, yaani ujiangalie uone kwamba mimi napenda raha na naogopa maumivu, basi na wenzangu wote wako hivyohivyo, halafu usonge mbele haraka kwa mtu unayemheshimu. Anasema hata ukijitakia heri miaka mia peke yako moyo hautafika kule kwenye utulivu wa kina. Kwake nafsi ilikuwa mlango mwepesi, hakuwa anaongea na watu wanaojichukia. Kuna kisa maarufu cha mwaka 1990, Sharon Salzberg, mmoja wa walimu waliosambaza metta Marekani, alimuuliza Dalai Lama, kiongozi wa Wabuddha wa Tibet, kuhusu watu kujichukia, na Dalai Lama ikabidi aulize tena na tena maana ya swali kwa sababu hakuelewa mtu anawezaje kujichukia mwenyewe. Kwa hiyo dawa ilitungwa kwa mgonjwa mwingine halafu tunapewa sisi kwa kipimo kilekile.

Nilichofanya mimi ni kugeuza ngazi. Nilianza na mtu mwepesi, kwenye kundi letu tulimwita hivyo, yule ambaye ukimkumbuka tu uso unalegea wenyewe. Wangu ni mtoto wa dada yangu, ana miaka minne, akisikia mlango unafunguka anakuja mbio na kiatu kimoja. Nikimweka mbele yangu, uwe salama haihitaji nguvu, inatoka. Nakaa hapo dakika tano hivi. Halafu najiweka pembeni yake, tumekaa wote wawili, nabadilisha herufi tu: tuwe salama, tuwe na amani. Halafu yeye anaenda kucheza nabaki mimi na ule ujoto bado upo, na hapo ndo nasema niwe salama. Uwe, tuwe, niwe. Kiswahili chetu kimenisaidia hapa kuliko rekodi yoyote, kwa sababu sentensi haibomoki, ni kichwa cha neno tu kinachobadilika, na moyo unavuka bila kushtuka. Sikuwahi kukazwa koo tena kwa kiwango kile. Nikawaambia wenzangu wiki ya 4, wengine wakajaribu, mmoja akaanzia kwa paka wake na akasema ndo mara ya kwanza amemaliza dakika 20.

Jambo lingine la lugha. Kozi inatumia sana neno huruma, na kwa upande wa kujitendea wema wametumia kujihurumia, na hapo palituvuruga watu wengi. Kwetu ukisema flani anajihurumia unamsema vibaya, ni mtu anayekaa kulialia na kujiona yeye peke yake ndo ana shida duniani. Na nikikwambia nakuonea huruma huenda ukakasirika, kwa sababu nimeshapanda juu nakuangalia chini. Wabuddha wa kale walishaliona hilo, walisema huruma ina adui wa mbali ambaye ni ukatili, unamtambua kirahisi, na ina adui wa karibu ambaye ni huzuni inayofanana nayo, na walimu wa siku hizi kwenye nafasi hiyo wanaweka ule usikitifu wa kumwangalia mtu kwa juu. Sura zinafanana na ndo maana anaingia ndani bila kubisha. Naomba watengenezaji wa kozi wabadilishe hilo neno, waseme tu kujitendea wema.

Mimi neno lililonifanyia kazi halimo kwenye kozi kabisa. Ni pole.

Ilikuwa wiki ya 5, usiku, nimeamka kunywa maji, nimechoka, nikagonga glasi na kiwiko ikaanguka ikasambaa jikoni nzima. Kwa kawaida mdomo wangu una jibu lake tayari, mjinga wewe, hata kushika glasi huwezi, na hilo jibu huwa linakuja na kengele nyingine zote nyuma yake mpaka nalala nikiwa nimejishtaki kesi tano. Usiku ule nilisimama pekupeku katikati ya vipande, taa imewaka, naona kipande kimoja kimesimama wima karibu kabisa na kidole gumba, na nikasikia nasema kwa sauti, pole. Pole jamani. Kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote aliyejikwaa mbele yangu. Tunaposema pole hatukiri kosa wala hatumpandii mtu juu, hatuulizi nani alisababisha, tunasimama tu upande wake. Sikujua kwamba naweza kuipokea kutoka kwangu mwenyewe. Nikachuchumaa nikaokota vipande kimoja kimoja, taratibu, nikafagia, nikalala. Ukisoma zile sehemu tatu za wema kwa nafsi anazozieleza Neff, wema badala ya hukumu, kukumbuka kwamba kila binadamu anaanguka, na kuona maumivu yalivyo bila kuyakuza, zote zimo kwenye hilo neno moja.

Wiki ya mtu wa kati, yule usiyempenda wala kumchukia, niliidharau kabla ya kuanza halafu ndo ikanishangaza. Nilimchagua mlinzi wa getini kazini, mtu ninayempita mara mbili kila siku na sikuwahi kumwona. Siku kumi nikawa nakaa nyumbani namtakia heri. Kichwani nilikosa hata sura kamili, nilikuwa na kofia tu na mkono unaofungua geti. Siku ya sita au ya saba nikajikuta namwangalia, na nikaona kiatu chake cha kushoto hakina kamba, kimefungwa kwa waya mwembamba uliosokotwa vizuri kabisa, na kimepigwa rangi kinang'aa. Toka hapo siwezi kupita bila kusalimia nikiwa nimesimama. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka 2008, kina Hutcherson, walioonyesha kwamba hata dakika chache za zoezi hili zinamfanya mtu ajisikie karibu zaidi na watu asiowajua kwenye picha, na kabla ya hapo ningedhani ni maneno ya kuuzia kozi. Mwalimu kwenye wiki hii alifanya kazi nzuri mno, alitukataza kuchagua mtu mwenye hadithi ya kusikitisha, akasema chagua ambaye huna hadithi yake.

Wiki ya 6, mtu mzito, yaani yule anayekukwaza. Hapa naipongeza kozi, maelekezo yao yalikuwa sahihi na mimi ndo sikuyafuata. Walisema usianze na aliyekuumiza kuliko wote, anza na anayekukera kidogo, jirani anayeweka sauti ya redio juu. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa bosi wa zamani ambaye sitamweleza hapa. Dakika ya tatu taya limekaza mpaka jino linauma. Nikaacha, nikarudi kwa jirani, na baada ya wiki mbili ndo nikamgusa bosi, kwa sentensi moja tu, kwa siku, na siyo sentensi ya uwe na furaha ambayo ingekuwa uongo mdomoni mwangu. Nilimwambia uwe huru na kile kinachokufanya uwe hivyo. Hiyo niliweza kuisema na kuimaanisha. Na niseme wazi kwa sababu kundini kulikuwa na mabishano, kumtakia mtu heri hakukulazimishi kurudi kwake wala kufuta alichofanya wala kuacha kumshtaki kama kuna sababu ya kumshtaki. Mimi simpigii simu na sina mpango. Ila nikimkumbuka usiku sikeshi tena.

Kuna mfano mmoja wa Buddhaghosa ambao mwalimu aliutoa kwenye kikao cha wiki hiyo na mimi bado unanizunguka kichwani. Mmekaa wanne, wewe, umpendaye, mtu wa kati na adui yako. Wanakuja majambazi wanataka mmoja wa kuchinja, wanakuuliza tumchukue nani. Ukisema mchukueni yule, moyo wako bado una ukuta. Hilo kila mtu alilijua. Ila ukisema nichukueni mimi muwaache hao watatu, bado una ukuta, safari hii kwako mwenyewe. Kikao kizima kilinyamaza. Mama mmoja kwenye kundi, mkubwa kuliko sisi wote, akawasha maikrofoni akasema maisha yangu yote nimesema nichukueni mimi na nilidhani huo ndo wema. Hakuna aliyeongeza neno, na mwalimu kwa busara yake hakuongeza pia.

Wiki ya 7 inahusu huruma kwa wanaoteseka na kwangu ilipita haraka, ila naitaja kwa ajili ya wenye kazi za kuhudumia watu. Tulikuwa na nesi mmoja aliyekuja amechoka mpaka sauti, alisema akisikia habari ya huruma anahisi wanamwongezea mzigo. Alifafanuliwa kwamba kubeba maumivu ya mgonjwa na kumtakia mgonjwa nafuu ni vitu viwili. Olga Klimecki na Tania Singer wa taasisi ya utafiti ya Max Planck huko Leipzig, Ujerumani, walilipima hili kwa mashine za kupiga picha za ubongo: watu wakifundishwa kuhisi maumivu ya wenzao wakiangalia video za mateso, hisia mbaya zinapanda, halafu haohao wakifundishwa huruma ya namna hii, hisia njema zinarudi hata kama video ni zilezile za mateso. Yule nesi alisema sasa akiwa mlangoni kwa mgonjwa kabla hajashika kitasa anasema upate nafuu, mara moja, halafu anaingia.

Lawama moja nzito zaidi. Wiki ya mtu unayempenda, mwenzetu mmoja alimchagua baba yake aliyefariki mwaka jana, na mwalimu akamwacha aendelee. Dakika 20 za kilio mbele ya watu, na hakurudi wiki iliyofuata. Wakati hata yule mtawa wa karne ya 5 alishaonya kwamba zoezi hili usilifanye kwa marehemu, na anasimulia mtawa kijana aliyejitahidi kwa mwalimu wake na haikuwezekana, mpaka alipogundua mwalimu ameshafariki akahamia kwa mtu mwingine. Marehemu wana nafasi yao na dua zao, ila siyo kwenye ngazi hii kwa mtu anayeanza. Kozi inayomtaja Buddhaghosa ilitakiwa kulijua hilo. Na kwenye fomu ya kujiunga hawaulizi kabisa kama mtu ana msiba wa karibuni au kidonda kikubwa cha moyo. Kama uko kwenye hali hiyo ndugu yangu, tafuta kwanza mshauri wa saikolojia wa kukaa naye ana kwa ana, hii itakusubiri.

Muda je, inachukua muda gani? Usitegemee kitu wiki mbili za mwanzo. Barbara Fredrickson, mtafiti wa saikolojia, na wenzake mwaka 2008 walifuatilia wafanyakazi 139, nusu yao wakafundishwa zoezi hili kwa wiki 7 wakiandika hisia zao kila siku, na hisia njema zilijikusanya kidogo kidogo wiki hadi wiki. Kwangu ilikuwa hivyohivyo, ni kama kumwagilia kitu usichokiona. Nilikaa dakika 10 siku nyingi, 20 siku chache, na siku nilizoruka nilijipa pole nikaendelea kesho yake.

Kwa hiyo jiunge, ila omba rekodi isiyo na muziki toka siku ya kwanza, anza na mtu wako mwepesi hata wakikwambia vinginevyo, na usikose vikao vya Zoom. Kundi jipya linaanza karibuni na nimewaandikia barua ndefu, wahamishe yale maelezo ya moto yaje wiki ya kwanza, waweke swali la msiba kwenye fomu, na waruhusu mtu kuanzia kwa mwingine. La fomu wamekubali. Hayo mawili mengine wamesema watakaa wayajadili, na wakinijibu nitakuja kurekebisha nyota hapa.